Fomu ya Kelele

Nimetumwa Mbagala Kizuiani, Jumapili, saa tatu asubuhi,
kipima sauti begani, betri mpya, fomu za nakala tatu.
Mlalamikaji ameandika kwa wino mwekundu:
*Hatulali. Mtoto ana mtihani. Serikali iko wapi?*
Serikali ni mimi, mama. Nimekuja na bajaji.

Kanisa ni turubai la bluu juu ya mirunda,
viti vya kukodi vyenye jina la mwenye navyo mgongoni,
na spika mbili ndefu kuliko mchungaji.
Nasimama hatua kumi na tano kutoka ukutani,
kama mwongozo unavyosema,
ingawa ukuta hakuna.
Themanini na moja. Themanini na nne.
Haleluya moja ya Mchungaji Lugembe inagonga tisini,
kuku wa jirani wanakimbilia chini ya mkokoteni.

Ofisini wananiita Malaika Mtoa Faini.
Nimewahi kumpimia Sheikh Shaweji adhana ya alfajiri;
akanipa kahawa na kashata, akauliza kwa upole,
"Mwanangu, na ile baa umeipima?"
Nilikuwa nimeipima.
Baa ililipa kabla wino haujakauka,
ikaongeza muziki.

Sisemi dini ziachwe zijipime zenyewe.
Mimi nina kaburi.

Dada yangu Atuganile alisali kule mjini, ghorofa ya pili,
zulia, kiyoyozi, vioo visivyopitisha hata chafya.
Hati ya usajili ilining'inia mapokezi, ndani ya fremu.
Wadhamini watano. Hesabu zimekaguliwa. Ada imelipwa.
Mle ndani nabii hakupaza sauti hata siku moja.
Alimnong'oneza aache vidonge,
kwamba kopo la vidonge ni kopo la mashaka,
na chupa ya maji, ya elfu thelathini,
akamfungulia kwa mkono wake mwenyewe.

Nilikwenda kupima pale,
miezi minne kabla ya kumzika.
Arobaini na mbili.
Nikaandika: *Wamezingatia.*
Saini ile ni yangu.

Na alipokonda mpaka pete ikamkimbia kidoleni,
waliombeba kwa zamu hadi Temeke ni akina nani?
Ni hawa wa turubai.
Ni Bi Mwanaharusi wa madrasa ya mabati,
aliyeleta uji wa ulezi kwenye chupa ya chai
na hakuuliza mgonjwa anasali wapi.
Ni huyu huyu wa wino mwekundu,
aliyetuazima sufuria na hajazidai hadi leo.
Usiku wa msiba waliimba mpaka kukakucha.
Mtaa mzima haukulala.
Hakuna aliyepiga simu kwetu.

Sasa niandike nini, Mkurugenzi,
kwenye kile kisanduku cha "Maelezo Mengineyo"
chenye mistari miwili?
Kwamba chombo chako hakisikii mnong'ono?
Kwamba tulikagua vitabu vya nabii, risiti kwa risiti,
na hakuna aliyefungua mkoba wa dada yangu
kuona kopo limejaa?
Na mtoto ana mtihani kesho, hilo nalo ni kweli.
Mtoto alale.

Mchungaji ameniona.
Anainua kiganja, kinanda kinakatika katikati ya pambio.
Anakuja na jasho lake, suruali imekunjwa juu ya tope,
kipaza sauti amekisahau mkononi, kinawaka.

"Kaka yake Atu," anasema, taratibu kabisa,
"wewe tuandikie tu. Hatutakasirika."

Na spika zote mbili zinaitangaza
mpaka kituoni, mpaka sokoni, mpaka msikitini:
*hatutakasirika.*

Natazama kioo cha mashine.
Themanini na tisa.
Nafungua kalamu kwa meno.